Mlima Uliopewa Jina la Anna

Niliondoka Kwemzinga kwa sababu niliombwa, na kwa sababu nilijivuna. Nayasema yote mawili mapema ili msomaji asidhani nilikwenda Dubai kutafuta ugomvi. Nilikuwa na miaka sitini na mmoja, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, sijawahi kupanda ndege wala kuvuka mpaka wowote. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kwamba anahitajika ng'ambo kwenda kusimulia historia ya mji wake, haulizi maswali mengi. Anatafuta sanduku.

Kwemzinga ni mji mdogo juu kwenye milima ya Usambara. Kuna mtaa mmoja wa maduka, kanisa la mawe, soko la mboga, shule, na baridi inayotuvalisha masweta mwezi wa saba. Mgeni akifika huambiwa kwamba mji ulianzishwa na Wajerumani. Ni kweli kwamba walikuja. Zilikuwa familia chache za walowezi, zilipanda mlima na ng'ombe wao, mbegu za kabichi na kinanda. Mkubwa wao alifiwa na mkewe, Anna, kwa homa, akaupa mlima wote jina la marehemu: Annaberg, yaani mlima wa Anna. Kaburi la Anna lipo mpaka leo, lina uzio wa chuma, na kila mwaka kuna mtu anayelipaka rangi.

Lakini nilipostaafu nilianza kuwazungukia wazee na daftari, na wazee hawakuanza hadithi kwa Anna. Walianza na koo tatu zilizokuwa zikiishi pale, zikirina asali kwenye miti ile ile ambayo walowezi waliikata kujenga nyumba. Walinieleza jinsi watu walivyoteremshwa bondeni, kisha wanaume wakagawiwa vipande. Kipande kilikuwa karatasi ya siku thelathini. Kila siku uliyomlimia mlowezi iliwekewa alama, na aliyekutwa hana alama za kutosha alikamatwa akapelekwa kuvunja mawe ya barabara. Babu yangu mzaa baba alivunja mawe hayo. Waliokufa kazini, yeye akiwa mmoja wao, walizikwa kwenye mteremko nyuma ya kanisa, chini ya kaburi la Anna, kila mmoja na jiwe moja la kichwani. Tunapaita Makaburi ya Kipande.

Hayo yote niliyaandika. Ndipo akaja Lazaro.

Lazaro nilimfundisha darasa la nne, alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote. Sasa alikuwa meneja katika kampuni ya utalii ya Dar es Salaam, kampuni iliyotaka kujenga hoteli ya mlimani pale kwetu. Aliniazima daftari, akakaa nalo miezi miwili, akarudi na mwaliko. Kungekuwa na maonyesho ya utalii Dubai, wawekezaji wangekuwepo, na kampuni ilitaka mtu wa Kwemzinga mwenyewe asimame aseme.

"Mwalimu," aliniambia, "hakuna anayeijua historia yetu kama wewe."

Nilimwamini. Ningeachaje kumwamini mtoto niliyemfundisha kushika kalamu?

Siku ya kuondoka nilibeba kilo mbili za kahawa, plamu za kumpelekea Agnes, na lile daftari langu. Agnes ni binti wa marehemu kaka yangu. Alikuwa amekaa Dubai miaka mitatu, mhudumu wa ukumbi katika hoteli moja ya mtaa wa Al Barsha. Kwa bahati maonyesho yenyewe yalipangwa kufanyika katika hoteli ile ile, na nilipompigia simu kumwambia, alipiga kelele kama mtoto.

Tulishuka Mombo kwa gari la kampuni, tukalala Dar, na kesho yake mchana tukapaa. Tulipokwisha kula ndani ya ndege, Lazaro alinipa kijitabu chenye karatasi za kung'aa. Juu palikuwa na picha ya kanisa letu likiwa ndani ya ukungu. Nikavaa miwani.

Kiingereza nilikifundisha miaka mingi. Si cha kuringia, lakini nakisoma. Kijitabu kilisema kwamba zaidi ya miaka mia iliyopita familia jasiri za Kijerumani zilipanda kwenye msitu mtupu, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa akiishi, na kwa mikono yao wenyewe wakachonga barabara, wakajenga kanisa, wakazaa mji. Kwa mikono yao wenyewe! Nilirudia sentensi hiyo mara tatu nikidhani nimekosea kusoma. Nikafunua kurasa zote nikitafuta koo tatu, nikitafuta kipande, nikimtafuta babu yangu. Sikukuta. Nilikuta kwamba wenyeji ni wakarimu na wanacheza ngoma. Mwishoni, kwa herufi ndogo, niliona jina langu: imetokana na utafiti wa Mwalimu Naomi wa Kwemzinga.

Lazaro alikuwa amefumba macho. Nikamgusa bega.

"Lazaro, haya ni maneno ya nani?"

"Ya kampuni, Mwalimu. Ni lugha ya biashara."

"Msitu mtupu? Mji unaitwa Kwemzinga. Mzinga wa nyuki ulitundikwa na nani, na nyani?"

Alicheka kidogo, kwa adabu. "Mtalii anakwenda likizo, Mwalimu. Hataki kuambiwa habari za viboko. Tukijenga hoteli, vijana wetu watapata kazi. Hilo ndilo la maana."

"Na jina langu je?"

"Ni heshima hiyo."

Nilikifunga kijitabu, maana watu walikuwa wameanza kugeuka.

Dubai, tulipotoka nje ya uwanja, joto lilinipiga usoni kama mtu amefungua tanuri la mikate, ingawa ilikuwa jioni. Lazaro alikusanya paspoti zetu, yangu na za maofisa wawili wa kampuni, akasema atazitunza pamoja zisipotee. Nikampa. Hata hapo nilikuwa bado namwona mwanafunzi wangu.

Agnes alikuwa akinisubiri.

"Shikamoo, shangazi!"

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda?"

"Ni kazi tu, shangazi. Yalla, twende, teksi inasubiri."

Kampuni ilikuwa imeniwekea chumba hotelini, lakini niliomba nilale kwa binti yangu, na Lazaro akafurahi kupunguza gharama. Agnes aliishi Discovery Gardens, majengo marefu ya rangi ya mchanga yanayofanana mpaka mwenyewe huhesabu milango asipotee. Nyumba ya vyumba viwili ilikaliwa na wasichana saba, na sebule ilikuwa imegawanywa kwa mbao na mapazia. Treni ya juu ilikuwa haijaanza bado; kila upande niliona winchi za ujenzi, na watu waliovaa ovaroli za buluu wakiteremshwa kwenye mabasi. Nilijiuliza kama ipo siku mtu ataandika kijitabu cha mji huu, na kama watu wale watakuwamo.

Chumba kimoja na Agnes alilala Nafula, Mkenya kutoka Bungoma, muuzaji wa duka la nguo katika yale maduka makubwa ya Al Barsha. Alikula plamu nne bila kupumzika, kisha akachukua kile kijitabu akakisoma chote kwa sauti.

"Aki Mwalimu," alisema, "hawa wamewatoa kabisa kwa hii story. Nyinyi hamuko! Yaani hata kwa background hamuko."

"Ndivyo," nikasema. "Na keshokutwa nitawaambia hivyo hivyo mbele za watu."

Hapo nikaona Agnes ameacha kupanga vyombo.

"Shangazi," alisema taratibu, "keshokutwa mimi ndiye nitakayehudumia ule ukumbi. Nilimwomba sir, msimamizi wetu, anipange pale nikuone. Nimemwambia anayezungumza ni shangazi yangu. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao na yeye ndiye anayeandika nani abaki. Kampuni ya kina Lazaro ni wateja. Mteja akikasirika hapa hawaulizi nani ana haki. Wanakwambia khalas, nenda kwenu."

"Nisome uongo kwa hiyo?"

"Soma tu walichokuandikia. Ni dakika saba. Halafu rudi nyumbani, andika kitabu chako, useme unayotaka."

Alikuwa akisomesha wadogo zake wawili, na mama yake anaishi kwenye nyumba iliyoezekwa kwa jasho lake. Niliyajua hayo. Basi nikamwahidi. Nilisema, "Nitasoma, mwanangu," na nilimaanisha, ingawa mdomo ulikuwa mchungu.

Siku iliyofuata, asubuhi, kampuni iliwapeleka wageni wake Hatta, nami nikapakiwa. Hatta ni mji wa milimani ulio chini ya utawala wa Dubai, karibu na mpaka wa Oman. Lazaro alitaka wawekezaji waone jinsi mji mdogo wa mlimani unavyoweza kuvuta watalii. Tulipita kwenye mchanga mwekundu unaopandiana kama mawimbi, halafu mchanga ukaisha ghafla yakaanza majabali makavu yasiyo na jani. Nilishangaa kwamba nayo yanaitwa milima. Milima ya kwetu huvaa nguo.

Hatta wana kijiji cha kale kilichotengenezwa upya: nyumba za mawe na udongo, mapaa ya makuti ya mitende, minara miwili ya walinzi juu ya vilima, na mfereji wa maji unaopita katikati ya bustani. Nilikuwa nimekaa kivulini kupumzisha miguu nikasikia mtu nyuma yangu anasema Kiswahili.

"Weye ndiye uliyevaa kitenge? Nimekuona tangu unateremka. Watokea wapi, bibi wee?"

Aliitwa Bi Thuweiba. Alikuwa wa rika langu, amevaa baibui, mikono imejaa makuti, maana kazi yake ilikuwa kusuka vikapu mbele ya wageni. Alizaliwa Unguja, akahamia Oman na wazazi wake akiwa msichana, kisha akaolewa Hatta. Alinitilia kahawa kwenye kikombe kisicho na mkono na kuniuliza kilichonileta. Nikamweleza, na kijitabu nikamwonyesha. Hakujua Kiingereza, nikamfasiria.

"Ati hapakuwa na mtu?" aliuliza.

"Ndivyo walivyoandika."

"Na nyie mmeandika wenyewe?"

"Mwanafunzi wangu ameandika."

Akaacha kusuka. "Sikiliza. Mie si mtu wa hapa, mume wangu ndiye. Nilipoletwa hapa bi harusi, mama mkwe hakunifunza kupika kwanza. Alinipandisha pale mnarani, na jua lile, akanambia nani kaujenga, na babake nani, na mfereji huu nani kauchimba. Nikakasirika wallahi, miguu yaniuma. Akanambia, umekuja kukaa kwa watu, wajue. Sasa hao Wajerumani wenu walikuja kukaa kwa watu. Hawakupandishwa mnarani?"

"Walikuja na bunduki, bibi."

"Aa, basi. Lakini huyo mwanafunzi wako hana bunduki. Yeye kilichomtisha nini?"

Niligeuka kumtafuta mwanafunzi wangu. Wakati huo Lazaro alikuwa akiwaeleza wageni, kwa Kiingereza kizuri, kwamba Hatta inapendwa kwa sababu imetunza historia ya wenyewe. Nilimsikia kwa masikio yangu. Aliyasema maneno hayo akiwa ameshika kwapani kijitabu chetu! Nilirudi ndani ya gari, na njia nzima ya kurudi nilitazama dirishani ili nisimtazame yeye. Hata hivyo ahadi niliyompa Agnes nilikuwa bado nayo.

Al Barsha, siku ya maonyesho, tulifika hotelini saa nne asubuhi. Ukumbi ulikuwa baridi kuliko Kwemzinga. Kila kampuni ilikuwa na meza yake, na kwenye yetu kulikuwa na kitu kilichofunikwa kwa kitambaa cheupe. Agnes alipita na trei ya vikombe, amefunga nywele, amenyooka, akanikonyeza. Nilijivunia. Nilikuwa na karatasi mbili mkononi zenye maneno ya kampuni kwa Kiswahili. Mimi nisome, Lazaro afasiri. Walisema itapendeza zaidi nikisema lugha yangu.

Wageni walipojaa, Lazaro aliondoa kile kitambaa. Ulikuwa mji wetu, umetengenezwa kwa mbao na plastiki, mdogo kiasi cha kuenea mezani. Nililiona kanisa, soko na shule yangu. Juu ya mlima palikuwa na hoteli yenye mapaa ya mtindo wa Kijerumani na maandishi ANNABERG. Kaburi la Anna lilikuwepo na uzio wake, limezungushiwa maua mekundu. Na chini yake, nyuma ya kanisa, palikuwa na bwawa la kuogelea.

Niliinama nikatazama vizuri. Nilihesabu kona za barabara, nikapima kwa macho kutoka ukuta wa kanisa. Hapakuwa na kosa. Bwawa lilikuwa juu ya Makaburi ya Kipande. Walikuwa wameweka na vidoli vya wazungu waliolala kwenye viti vya kuota jua, pale pale alipolala babu yangu.

"Lazaro," nilimnong'oneza, "hapa si makaburini?"

"Mwalimu, hayana majina. Mhandisi alisema ni mawe tu."

"Mawe tu? Si ulilisoma daftari langu?"

"Tutaongea baadaye. Wanakusubiri."

Nikapanda jukwaani. Kusema kweli nilijaribu kusoma. Nilisoma mstari wa kwanza, wa salamu. Nilisoma wa pili. Nilipofika kwenye "msitu mtupu" nikamtafuta Agnes kwa macho. Alikuwa amesimama ukutani na trei yake, ananitazama, na nadhani alijua kabla yangu. Nikazikunja zile karatasi.

"Msitu haukuwa mtupu," nilisema kwa Kiswahili. "Wajerumani walitukuta. Barabara waliichonga babu zetu kwa lazima, na waliokufa wamezikwa mahali ambapo ninyi mmechora bwawa la kuogelea."

Watu wakamgeukia Lazaro, wakisubiri tafsiri. Lazaro akashika kipaza sauti chake, akatabasamu, akasema kwa Kiingereza: "Mwalimu anasema kwamba babu zake na Wajerumani walishirikiana kujenga barabara, na kwamba tangu zamani watu wa Kwemzinga wamependa kukaribisha wageni."

Nilijihisi kama nimezabwa kofi. Kuandika uongo kwa siri ni jambo moja. Huyu alinichukulia maneno mdomoni, mbele yangu, nikiwa hai, akadhani nitanyamaza, mimi niliyemfundisha neno la kwanza la Kiingereza alilowahi kulitamka!

Nikageukia watu, nikasema kwa Kiingereza changu cha ubaoni: "Hivyo sivyo nilivyosema. Nitasema mwenyewe."

Nikasema. Niliwaeleza kuhusu koo tatu, vipande na mawe ya kichwani. Nilisema kwamba Anna namhurumia, alikufa kijana mbali na mama yake, na hakuna mtu Kwemzinga anayetaka kaburi lake liguswe. Lakini ikiwa kaburi moja linapewa maua na mengine yanapewa maji ya kuogelea, basi huo si utalii, ni dharau. Sikumaliza. Kipaza sauti kilikatika, nikaendelea bila kipaza sauti, mpaka ofisa mmoja wa kampuni akanishika kiwiko. Wapo walioendelea kutazama simu zao. Mama mmoja wa Kijerumani aliyekaa mbele alikuja kuniuliza majina ya zile koo, akayaandika kwenye bahasha.

Nilipokuwa nikitolewa mlangoni nilimsikia msimamizi wa ukumbi akimwuliza Agnes kwa sauti kali kama anamfahamu yule mama. Angeweza kukana. Ningemsamehe saa ile ile.

"Yes, sir," alijibu. "Ni shangazi yangu. Dada ya baba yangu."

Kesho yake Agnes aliondolewa ukumbini, akapelekwa dobi, chini ya ardhi, kukunja mashuka.

Siku hiyo hiyo saa tatu asubuhi nilirudi hotelini na Nafula, ambaye alikuwa na mapumziko. Lazaro aliteremka akaniambia nisikanyage tena maonyesho, nikae kwa Agnes mpaka siku ya ndege.

"Vema," nikasema. "Nipe paspoti yangu."

"Iko salama, Mwalimu."

"Sikuuliza kama iko salama."

"Utaipata uwanja wa ndege. Sitaki uanze kuzunguka kwa waandishi wa habari."

Akaingia kwenye lifti akaniacha. Mimi nikakaa kwenye sofa la mapokezi, katikati kabisa, mahali ambapo kila anayeingia lazima anione. Nikamwambia Nafula sitoki. Naye akakaa. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Mlinzi, kijana wa Kiganda mrefu, alitumwa kwetu mara mbili. Mara ya pili alileta glasi mbili za maji.

"Maama," alisema, "nimeambiwa nikutoe. Sasa mimi nimekuja kukuambia kwamba nimeambiwa." Akarudi mlangoni kwake akasimama.

Saa saba Lazaro alikuja, uso umemvimba kwa hasira. Hakukaa.

"Umenimaliza," alisema. "Miaka miwili ya kazi. Wawekezaji wawili wamejitoa asubuhi hii. Umewanyima kazi watoto wa Kwemzinga kwa sababu ya mawe."

"Kwa sababu ya uongo, Lazaro. Nani alikufundisha kusema uongo?"

"Wewe."

Nafula akainua kichwa.

"Ndiyo, wewe, Mwalimu. Darasa la nne, zoezi la Ijumaa. Swali la kwanza: Ni nani walianzisha mji wa Kwemzinga? Jibu: Walowezi wa Kijerumani. Uliniwekea vema kwa wino mwekundu, ukanisimamisha, wenzangu wakanipigia makofi. Mimi nilikariri ulichotupa. Hilo daftari lako umeliandika juzi, ulipostaafu. Sisi ulitufundisha lile lingine."

Alitoa paspoti mfukoni, akaiweka juu ya meza ya kioo, akaondoka.

Niliichukua paspoti nikaitia mkobani. Aliyosema yalikuwa kweli. Kwenye mwongozo nilioachiwa na mwalimu aliyenitangulia swali lile lilikuwemo, nami nililiuliza kila mwaka kwa miaka ishirini na tisa. Hadithi za kipande nilizisikia jikoni kwa bibi tangu mdogo, lakini nilizihesabu kuwa za jikoni. Za shule zilikuwa zile zilizochapishwa. Hasira yangu yote, iliyopanda ndege nami na kwenda nami Hatta na kurudi, ilikosa mtu wa kumwangukia, ikanirudia mwenyewe.

Siku ya kurudi Agnes aliomba ruhusa ya saa mbili anisindikize. Mikono yake ilikuwa imekauka kwa sabuni. Mlangoni pa uwanja wa ndege nilianza kumwomba radhi, akanikatiza.

"Usiniombe msamaha, shangazi. Ningekuwa wewe ningesema. Lakini usiniambie pia kwamba haikuwa kitu."

"Siwezi kusema hivyo, mwanangu."

"Basi, inshallah, safari njema." Akanikumbatia kwa nguvu, akakimbia kuwahi zamu. Mkataba wake haukuongezwa. Alipata kazi nyingine baada ya miezi mitatu, ya mshahara mdogo zaidi, na miezi hiyo mitatu wadogo zake walikaa nyumbani bila shule. Naandika hilo kwa sababu ni sehemu ya safari hii.

Kwemzinga nilirudi na kuikuta habari imenitangulia. Kampuni iliandika barua kwamba inahamishia mradi kwenye milima mingine. Sokoni wapo walionipa mkono na wapo walionigeuzia mgongo. Jumapili ya pili mwenyekiti wa mji aliitisha mkutano uwanjani pa shule, nikaitwa mbele. Kijana fundi uashi, aliyekuwa ameahidiwa kazi kwenye hoteli, alisimama bila kusalimia.

"Mwalimu, wewe una pensheni. Sisi tuna nini? Utuambie kwa nini ulifukuza kazi zetu."

Walikuwa kama mia mbili, na nilipowatazama usoni nikaona kwamba karibu wote, kuanzia wenye mvi mpaka yule fundi, wamepita mikononi mwangu. Nilikuwa nimeandaa hotuba kali kuhusu kampuni. Niliijua kwa moyo. Nikaiacha.

"Nitakujibu," nilimwambia, "na una haki ya kuuliza. Lakini kwanza nina jambo. Darasa la nne niliwauliza ninyi nyote nani walianzisha mji huu, mkajibu, nikawawekea vema. Nilikosea. Niliwapa jibu la uongo, na niliujua ukweli, na aliyenijibu vingine nilimpa sifuri. Naomba mnisamehe."

Kisha mama mmoja muuza karoti, aliyekaa chini na kapu lake, akasema kwa sauti ya juu, "Mimi ndiye uliyenipa hiyo sifuri, Mwalimu. Niliandika jina la babu yangu."

Nikamkumbuka. Nikamkumbuka na mahali alipokuwa akikaa, dawati la pili karibu na dirisha, na jinsi alivyolitazama daftari lake.

"Simama," nikamwambia. "Litaje."

Akasimama, akapangusa mikono kwenye khanga yake, akalitaja.